Sauti ya Kuazima

Jumatatu, 28 Aprili

Muhula umefunguliwa kwa mvua. Nimefika shuleni Lavington na matope ya Riruta ninakoishi hadi kwenye vifundo vya miguu, na askari wa langoni akanipa kitambaa nijifute haraka kabla wazazi hawajaanza kushusha watoto. Nilijifuta nikiwa nimeinama nyuma ya kibanda chake, mwalimu mzima.

Ratiba ni ile ile, Kiswahili Gredi ya Tano na ya Sita. Ila nimeongezwa kipindi kipya cha Ijumaa, kimeandikwa "Maadili". Hakuna kitabu wala muhtasari. Nilipouliza nitafundisha nini, nikaambiwa Madam atanieleza. Madam ni Bi. Wamucii, mwenye shule. Hajanieleza.

Ijumaa, 2 Mei

Amenieleza. Kuna benki inadhamini mashindano ya mashairi ya shule za Nairobi. Mada yao ni "Uadilifu ni Mtaji". Mtoto mmoja asimame jukwaani akariri shairi moja la Kiswahili, na shule itakayoshinda itawekwa kwenye bango kubwa la barabarani mwaka mzima, pamoja na nembo ya benki.

"Na hicho kipindi cha Maadili, Madam?" nikauliza.

"Hiyo ni ndio wakikuja kukagua wakute iko kwa timetable."

Alisema hivyo bila hata kupepesa macho. Kisha akaniambia shairi nitunge mimi, kwa sababu amesikia najua kutunga. Nilitaka kukasirika lakini nilifurahi mno. Miaka yote niliyofundisha hapa, kitu pekee nilichowahi kuombwa niandike ni tangazo la kukumbusha wazazi nguo za kuogelea.

Jumanne, 6 Mei

Mvua. Ubeti wa kwanza umekataa kuja.

Alhamisi, 8 Mei

Umekuja nikiwa napika ugali. Nilizima jiko nikaandika kwenye simu:

*Ukweli si wa dukani, hauuzwi kwa mizani,*
*Hauna bei sokoni, haukopwi kwa jirani.*

Nimeusoma kwa sauti mara nyingi hadi jirani wa juu akagonga sakafu. Ugali umeharibika, sijali.

Ijumaa, 9 Mei

Kipindi cha kwanza cha Maadili, Gredi ya Sita. Niliwauliza uadilifu ni nini. Kisha Quincy akainua mkono. Quincy ni mtoto mpole mwenye miwani, anayependa kujibu kila kitu.

"Ni kitu kampuni huwa nayo, Teacher. Daddy ako na certificate yake kwa ofisi."

Hakuna aliyecheka. Wengine wakaanza kusema kama baba zao nao wanacho hicho cheti au hawana. Nilipoteza nusu ya kipindi kueleza kwamba uadilifu hautundikwi ukutani, na nusu nyingine kutafuta wa kukariri. Quincy ndiye aliyejitolea. Sauti yake ni nyembamba, lakini aliushika ubeti ule kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa kikombe cha chai ya moto. Nimemchagua yeye.

Ijumaa, 16 Mei

Madam alikuja kumsikiliza Quincy. Alisubiri mtoto atoke ndipo akasema, "Huyu anasoma ni kama anaagiza pizza."

Nikamwambia kuna muda, nitamfundisha. Akakataa. "Shule zingine zinakuja na watoto wa kutoa machozi, Teacher Namalwa. Huko kwenu hakuna mtoto ako na sauti?"

Huko kwetu ni Riruta. Na kabla sijafikiri, mdomo wangu ukasema yupo.

Yupo kweli. Ni Ajwang, binti wa Peres, jirani yangu wa ploti tunakopanga. Yuko Gredi ya Sita katika shule ya umma hapa Riruta, na shule yao haikujiandikisha kwa mashindano haya. Siku ya akina mama alikariri kanisani, na akina mama waliokuwa wakichezea simu wakaziweka chini.

Madam akapiga meza kwa furaha. Akaahidi kwamba Ajwang akivaa yunifomu yetu na kushinda, mwakani ataingia Gredi ya Saba hapa bila mzazi kulipa chochote hadi amalize. "Si kudanganya," akasema. "Ni mwanafunzi wetu, tu bado hajakuja."

Nimerudi nyumbani nikijirudia sentensi hiyo. Imekaa vizuri ukiisema haraka.

Jumamosi, 17 Mei

Nimeenda Kenyatta Market kuongea na Peres kazini kwake. Anasuka nywele kwenye kibanda cha ndani, na moshi wa nyama choma unawafuata wateja hadi kwenye viti. Nilikaa nisukwe ili tupate nafasi ya kuongea, kwa sababu Peres hasimamishi mikono kwa ajili ya maneno.

Nilimweleza polepole, nikizunguka, nikiweka "lakini" kila mahali. Nilitaka asite. Nilitaka aniulize kama ni sawa, ili nami nipate mtu wa kuniambia si sawa.

"Mwalimu," akanikatiza, "mbona unauliza ni kama unataka kununua figo? Kwa darasa la Ajwang watoto wanakaa watatu dawati moja. Mtoto anavaa sweta ya mtu anasema shairi anarudisha sweta. Kisha anasomea Lavington. Wapi shida?"

"Shida ni kusema ni wetu na si wetu, Mama Ajwang."

"Si atakuwa wenu?"

Ajwang mwenyewe alikuwa nyuma ya kiti akinipitishia nywele za kuongezea, anazitenganisha na kumpa mama yake fungu moja moja. Nikampa simu asome. Alisoma kimyakimya mara moja, akarudisha simu, akasimama katikati ya kibanda na kulisema lote. Lote! Wasusi wa vibanda vya jirani wakaja mlangoni na vitana mikononi. Alipofika "haukopwi kwa jirani" mwanamke mmoja aliyekuwa chini ya mashine ya kukausha akasema, "Ambia hao, mama."

Sijawahi kusikia maneno yangu yakitoka hivyo. Nililia, nikasingizia nywele zinakaza.

Ijumaa, 23 Mei

Ajwang ameanza kuja hapa kwa mazoezi baada ya masomo, na nimemwambia Quincy atakuwa msaidizi. Aliuliza msaidizi anafanya nini. Nikasema anasaidia. Kisha kwenye Maadili akainua mkono.

"Teacher, yule msichana wa shairi ako class gani?"

Kabla sijajibu, mwenzake akamjibu. "Si amenunuliwa? Ni transfer. Hata Daddy alisema ni kama vile timu inanunua straika."

Darasa zima likaona maana. Wakaanza kubishana kama transfer inafungwa lini, na kama straika akicheza kabla karatasi hazijaisha timu inakatwa pointi. Wanajua sheria za mpira kuliko zote nilizowahi kuwafundisha. Nikawaambia wachore picha ya mtu mwaminifu. Nusu yao wamechora polisi wa barabarani akisalimiana na dereva kwa mkono, na sijui kama walikuwa wanatania.

Jumatatu, 2 Juni

Sikukuu. Nimefua. Hakuna kilichokauka.

Jumamosi, 7 Juni

Mchujo. Tumepita bila jasho. Ajwang alivaa sketi ya akiba kutoka stoo ya shule, ikabidi niikunje kiunoni na kuibana kwa pini. Jaji mmoja aliniuliza ni nani ametunga, nikasema mimi, na kwa dakika chache nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote pale ukumbini. Naandika hili ili nisije nikajidai baadaye kwamba nilichukia toka mwanzo.

Jumanne, 10 Juni

Madam amenikasirisha kweli.

Alimwita Ajwang ofisini baada ya shule ili "amwandae". Nilidhani ni mambo ya kusimama na kuinama. Kumbe ni maswali.

"Class teacher wako ni nani?"

"Teacher Namalwa."

"Ulijoin lini?"

"Gredi Four."

"Unapenda nini kwa shule yetu?"

Kila jibu sawa, biskuti. Za chokoleti, za wageni. Mimi nimekaa pale pembeni kama mwanasesere.

Kwenye gari la shule tukirudi nilikuwa natafuta maneno ya kumpoza mtoto, kumbe mtoto hana haja ya kupozwa. Alikuwa anaongeza yake. Akaniambia ataweza pia kusema hapendi kuogelea kwa sababu maji ya asubuhi ni baridi, na kwamba rafiki yake wa karibu ni Quincy ingawa anaongea sana. Nikamuuliza nani amemfundisha hayo.

"Hakuna. Si lazima ikae ya ukweli?"

Jumatatu, 16 Juni

Baridi. Koo linauma.

Ijumaa, 20 Juni

Leo nilimfuata Peres bombani, tukiwa tunasubiri maji, nikamwambia nataka tumtoe Ajwang. Nikamweleza habari ya biskuti. Nilitegemea angalau ashtuke.

Akaweka ndoo chini. "Nikuambie kitu. Mimi mtu akikaa kwa kiti yangu na nywele yake imekatika huku mbele, nikimwambia ukweli, anaamka anaenda kwa jirani anayemwambia iko sawa. Anasukwa huko, inakatika zaidi, lakini mimi nimelala bila kazi. Wewe unafundisha ukweli na mwisho wa mwezi unalipwa. Hiyo ukweli yako haijawahi kukunyima kitu."

"Na huyo mtoto mwingine? Quincy? Ilikuwa nafasi yake."

"Quincy atakuwa Quincy, Mwalimu. Mvua inyeshe, jua liwake."

Nilijaza ndoo yangu nikapanda ngazi. Kinachoniudhi ni kwamba namheshimu huyu mama kuliko ninavyomheshimu Madam, na wanasema kitu kimoja.

Jumatano, 25 Juni

Hakuna shule. Mjini kuna maandamano. Vijana wa ploti wametoka asubuhi na bendera. Nimekaa nyumbani nikisahihisha insha za "Umuhimu wa Ukweli", na zaidi ya nusu zimeandikwa na mashine za mtandaoni, neno kwa neno zinafanana. Nimezipa alama sifuri zote. Nitaambiwa niziongeze.

Ijumaa, 27 Juni

Nimeambiwa niziongeze.

Quincy alinisimamisha kwenye varanda akaniomba anisomee shairi. Kumbe alilihifadhi lote, hakuacha hata baada ya kuondolewa. Sauti bado ni ya kuagiza pizza. Lakini alipomaliza akaniuliza, "Kwa nini haukopwi kwa jirani, Teacher? Si jirani anaweza kukuambia ukweli ukiwa hauna?" Hilo ndilo swali la kwanza la maadili nililoulizwa toka muhula uanze.

Mama yake amekuja kuonana na Madam. Ameketi mle ofisini muda mrefu. Quincy amepewa kazi ya kumkabidhi mgeni wa heshima maua. Mama alitoka akitabasamu kwa meno tu.

Ijumaa, 4 Julai

Ukungu hadi saa nne. Watoto wanakohoa darasa zima.

Ijumaa, 11 Julai

Nimeamua. Sitamtoa Ajwang, nimechelewa, lakini mtu akiuliza sitadanganya. Nimemwambia mwenyewe leo baada ya mazoezi, tukiwa peke yetu.

"Ukiulizwa shule yako, sema ukweli. Usiogope. Mimi ndiye mtu mzima, lawama nitabeba mimi."

"Na nafasi?"

"Nitamwomba Madam."

Akaniangalia vile mama yake huangalia mteja anayeanza kupunguza bei kabla hajaketi. Akasema, "Sawa, Mwalimu," akachukua mkoba wake.

Jumamosi, 19 Julai

Nataka kuandika kila kitu kama kilivyokuwa, na nimeanza mara tatu nikafuta.

Fainali ilikuwa kwenye ukumbi wa mikutano katikati ya jiji. Zulia jekundu, puto za rangi za benki, chai ya bure na keki ndogo zenye nembo. Peres alifunga kibanda siku nzima, Jumamosi, siku yake ya wateja, akaja amevaa gauni la harusi za watu. Madam alimkalisha mstari wa nyuma kabisa na kumwomba asimwite mtoto kwa jina.

Ajwang alikuwa wa mwisho. Alitembea hadi katikati ya jukwaa akangoja. Hakuna aliyemfundisha kungoja. Aliwaangalia hadi vikombe vikatulia, ndipo akaanza, na sauti haikupanda hata kidogo, aliileta chini, kama anamsemesha mtu mmoja anayemjua. Mstari wa "hauna bei sokoni" aliwaambia watu wa benki usoni. Nao wakapiga makofi kwa nguvu kuliko wote.

Tulishinda. Madam alinikumbatia, mafuta yake ya manukato yakaniingia mdomoni.

Kisha Anita, binti wa benki anayesimamia mashindano, akaja na simu mkononi akatuomba tuende kando. Madam, mimi na Ajwang. Alikuwa anaomba radhi kabla hata ya kuuliza. Kuna mzazi amemtumia ujumbe, hakutaja jina, kwamba mtoto si wa shule. Yeye haamini, lakini lazima aulize, ni utaratibu tu.

"Mrembo, unasoma wapi?"

Ajwang hakuniangalia. Wala hakumwangalia Madam. Alitaja shule yetu. Akataja mwalimu wa darasa, ambaye ni mimi. Akasema alijiunga Gredi ya Nne, na hapendi kuogelea kwa sababu maji ya asubuhi ni baridi, na rafiki yake ni Quincy, yule pale mwenye maua. Quincy akapunga mkono! Mtoto wa watu, hajui anachoulizwa, anapunga tu kwa sababu ametajwa. Anita akacheka, akapumua. Ulikuwa uongo mzuri, umesukwa vizuri, hauna mahali pa kushika.

"Asante mrembo, pole kwa kukusumbua." Kisha akanigeukia mimi, tayari anaondoka, tayari anawaita wapiga picha kwa mkono mwingine. "Na Teacher unaconfirm, eeh?"

Ningeweza kuitikia kwa kichwa. Hata kutabasamu kungetosha.

Nikasema, "Si wetu. Anasoma shule ya umma Riruta. Mimi ndiye niliyemtafuta."

Madam alisema jina langu mara moja, taratibu. Anita aliangalia simu yake kana kwamba itamwambia la kufanya. Ajwang hakulia. Alivua sweta ya shule, akaikunja vizuri, mkono kwa mkono, akamkabidhi Madam kwa mikono miwili. Alibaki na blauzi tu, na ukumbi ule una kiyoyozi. Kisha akaenda kumtafuta mama yake mstari wa nyuma.

Kombe limeenda kwa shule moja ya mtaa wa Karen.

Jumapili, 20 Julai

Peres amenipita bombani kama hakuna mtu. Sikwenda kanisani.

Jumatatu, 21 Julai

Nilienda kazini nikiwa nimeandaa barua ya kuacha kazi kwenye simu, ili niitume kabla sijafukuzwa. Angalau hilo liwe langu.

Madam alinipokea amesimama. Akafunga mlango. Akanimiminia chai yeye mwenyewe.

"Unajua umenifanyia nini?"

"Najua, Madam."

"Hujui. Anita amenipigia leo asubuhi. Wakubwa wake wamesikia. Wanasema kati ya shule zote, ni yetu pekee mwalimu alisimama akasema ukweli na kombe liko mkononi. Wanataka kukupiga picha. Wewe! Wazazi wameanza kupiga simu, wawili ni wapya kabisa." Macho yake yalikuwa yanang'aa. "Sitakudanganya, Jumamosi nilitaka kukunyonga. Lakini nimelala nikaona. Mimi siwezi kununua kitu kama hicho."

Amenifanya Mkuu wa Idara ya Maadili. Nikamuuliza idara ina nani mwingine. Akasema kwa sasa ni mimi.

Nilimwambia sitaki picha, namtaka Ajwang aingie Gredi ya Saba kama alivyoahidi. Hapo akakaa chini, na kwa mara ya kwanza aliongea nami bila kuuza kitu. Alisema naye alilelewa Dagoretti na mama aliyekuwa akiuza maziwa mlango kwa mlango, na angependa kumchukua mtoto yule leo hii. "Lakini nikimchukua sasa, watu watasema tulipanga toka mwanzo. Na tulipanga. Wewe ndiye umewaambia." Alinifuta machozi kwa kitambaa cha mezani. Nadhani alikuwa anasema kweli. Ndilo jambo baya kuliko yote.

Barua ya kuacha kazi bado iko kwenye simu. Sijaituma.

Jumatano, 23 Julai

Picha yangu iko kwenye lango la shule. Askari amenipigia saluti, na hakuwa anatania.

Ijumaa, 25 Julai

Maadili. Quincy: "Kwa hivyo Teacher ndiye ameshinda?"

Nikawaambia wasome kimya.

Jumapili, 27 Julai

Nilimkuta Ajwang ngazini akimenya viazi kwenye karai. Nilikaa kidato cha chini yake. Nilikuwa nimeandaa hotuba nzima, kwamba siku moja ataelewa, kwamba dhamiri safi ni kitu kikubwa, na mengine ya namna hiyo. Nilisema maneno kama manne hivi.

"Mwalimu," akasema bila kuacha kumenya, "si ulisema utabeba lawama?"

"Nilisema."

"Sasa iko wapi?"

Nikaokota ganda la kiazi.

"Mimi nilienda shule Jumatatu, wote walikuwa wanajua. Wananiita Lavington. Mama alipoteza Jumamosi. Wewe umewekwa kwa geti." Kiazi kikaanguka karaini. "Ulilipia ukweli yako na nafasi yangu."

Hakusema kwa hasira. Alisema vile mtu anavyomwelekeza mgeni njia. Mlango wao ukafunguka, Peres akamwita ndani, na viazi vikaingia naye.

Nimekaa pale ngazini hadi watu wakaanza kuniuliza kama naumwa. Nimejaribu kujibu. Nimejiambia kwamba uongo ungempata tu siku moja. Ungempata? Madam haujampata hata leo. Mama yake Quincy, ambaye nadhani ndiye aliyetuma ujumbe kwa sababu mwanawe alinyimwa jukwaa, hajapatwa na lolote. Mimi mwenyewe nimesema ukweli mara moja na umenipandisha cheo. Wa kulipa amekuwa mtoto, yule yule aliyekuwa hana kitu.

Na bado nikirudishwa mle ukumbini sijui kama ningeitikia kwa kichwa. Nakasirika kwamba sijui.

Jumanne, 29 Julai

Manyunyu. Alama za mwisho wa muhula. Nimeombwa niandike "Ujumbe wa Maadili" kwa wazazi, usizidi mistari mitatu, uwe wa kuchangamsha.

Ijumaa, 1 Agosti

Shule imefungwa. Wazazi wengi walinisalimu kwa mkono. Mama Quincy pia, na akaniambia, "Tunahitaji walimu kama wewe." Niliosha mikono, nikajiona mjinga kwa kuosha.

Jumamosi, 2 Agosti

Asubuhi mlango umegongwa, nikadhani ni mtu wa takataka. Ni Ajwang. Amesukwa upya, mistari myembamba inayorudi nyuma, kazi ya mama yake.

"Mama hajui nimekuja," akasema. "Ako Kenyatta Market."

Nikamkaribisha chai. Akakataa, kisha akakubali.

Ile shule ya Karen iliyochukua kombe imemtafuta. Walimsikia siku ile. Muhula ujao kuna mashindano mengine, ya kampuni ya maziwa, na wanataka akariri kwa yunifomu yao. Gredi ya Saba, Januari, bila malipo. Safari hii Peres amekuwa mkali, amekataa mtoto kufungua mdomo hadi barua ya nafasi iandikwe na kupigwa muhuri. Wameiandika. Iko chini ya godoro.

"Kwa hivyo Septemba utakuwa bado uko shule yenu ya hapa," nikasema.

"Eeh."

"Na utasema uko Karen."

"Eeh." Akapuliza chai. "Mada yao ni ukweli. Wamenipa shairi yao lakini ni mbaya, Mwalimu. Ni kama tangazo ya maziwa. Nataka ile yako."

Nilitaka kucheka na nilitaka kumfukuza. Mimi, Mkuu wa Idara ya Maadili. Nilimwangalia mtoto huyu akiwa ameketi kwenye kiti changu kimoja kizuri, miguu haijafika chini vizuri, na nikajaribu kutafuta kitu cha kumfundisha. Kila nilichopata kilikuwa cha mtu ambaye hakupoteza kitu.

"Wamemuuliza Mama kama kuna mtu anaweza kusema mimi si wao," akaendelea. "Mama akasema hakuna. Lakini mimi nikaona nikuje nikuulize mwenyewe." Akaweka kikombe chini. "Utasema?"

Nje mtu wa mayai alikuwa anapita akiita. Nilingoja amalize kuita.

"Sitasema."

Akaitikia kwa kichwa mara moja, akasimama katikati ya chumba, akaanza. Ubeti wa tatu alikuwa anaukimbiza. Nikamsimamisha, nikamwambia arudie kuanzia juu, polepole, na akifika kwenye neno "ukweli" asiangalie chini.